Dondoo muhimu: Kufaulu somo la utangulizi wa astronomia chuoni

Kukariri majina ya sayari hakutoshi. Kiini cha somo hili ni mwanga, mvutano na vipimo.

• Soma kabla ya kipindi. Pitia sura husika na uandike swali moja la kumuuliza mhadhiri. Kitabu cha *Astronomy* cha OpenStax hupakuliwa bure.

• Zoea namba kubwa. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150, yaani 1.5 × 10⁸. Gawanya kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde: utapata sekunde 500, zaidi kidogo ya dakika 8. Andika vipimo katika kila hatua. Visipolingana mwishoni, rudia hesabu.

• Shika chungwa. Washa taa moja chumbani, inua chungwa juu kidogo ya kichwa, kisha jizungushe polepole hapo ulipo. Utaona hilali, nusu na mwezi mpevu, na utaelewa kwamba kivuli cha Dunia hakihusiki na sura hizo za Mwezi.

• Tazama angani. Chora Mwezi kila jioni saa ile ile. Husogea mashariki nyuzi kama 13 kwa siku. Vitabu vingi huchora anga la kaskazini, lakini Dar es Salaam hilali huonekana imelala kama mtumbwi, na Nyota ya Kaskazini haionekani.

• Eleza bila daftari. Mchoree mwenzako mchoro wa Hertzsprung na Russell: nyota zenye joto kali kushoto, zenye joto la chini kulia. Utakapokwama, hapo ndipo pa kurudia kusoma.