Samaki wa Ziwani Analindwa na Nani?

Somo letu leo linatupeleka Ziwa Viktoria, ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika. Kenya ina kipande kidogo tu, kama asilimia 6. Kwingine kote ni kwa Tanzania na Uganda. Lakini kipande hicho hulisha watu wengi kutoka Busia hadi Migori. Sasa swali: samaki hana mwenyewe mpaka avuliwe. Nani basi atamlinda?

Zamani jibu lilikuwa moja, serikali. Afisa wa uvuvi akifika, kokoro zinafichwa. Akienda, zinarudi majini. Afisa mmoja, fuo chungu nzima, atamshika nani? Ndipo kanuni za mwaka 2007 zikavipa nguvu ya kisheria vikundi vya kusimamia fuo, ambavyo wavuvi huviita BMU. Usidhani ni chama cha wenye mashua peke yao. La! Kibarua anayevuta wavu yumo, mama anayekaanga na kuuza samaki yumo, hata fundi wa nyavu. Hujiandikisha, huchagua kamati, hupiga doria.

Sheria zenyewe zina akili. Mbuta anayeruhusiwa kuvuliwa ni wa sentimita 50 hadi 85. Kumwacha mdogo kila mtu anaelewa, lakini mkubwa ana kosa gani? Sikiliza: mbuta jike kadiri anavyokua ndivyo anavyotaga zaidi, mayai mamilioni. Ukimla bibi huyo umekula ukoo mzima! Kokoro nayo imekatazwa kwa kuwa hukokotwa kwenye maji ya kina kifupi, huko huko ngege wanakozalia, ikazoa wadogo kwa wakubwa. Omena, upande wa Kenya, hupumzishwa miezi minne, Aprili hadi Julai.

Hapo sasa ndipo penye kazi. Mvuvi wa omena atakula nini miezi hiyo yote? Na doria ikimkuta shemeji yako na kokoro usiku wa manane, utamshika? Ukimshika, matanga yajayo utakaa upande gani? Ukimwachilia, kesho nani atakusikiza? Mimi naona kazi hii ni ngumu kushinda kupiga kasia. Kamati ikichaguliwa kwa undugu, BMU hubaki daftari na muhuri tu.

Adui mwingine hana shemeji: gugumaji. (Wanachama, ngeli tafadhali: gugumaji hili, magugumaji haya.) Asili yake ni Amerika Kusini, na lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1997 Kenya ilitia majini fukusi wanaolila, na kufikia 1999 lilikuwa limepungua sana. Halafu likarudi! Mbegu zake hulala topeni miaka mingi, na maji taka ya mijini pamoja na mbolea ya mashambani hulinenepesha. Upepo ukilisukuma hadi Kisumu, mashua hazitoki. Wakazi wameling'oa kwa mikono na mapanga. Wengine wamejifunza kulisuka vikapu na viti, na kule Dunga likavundikwa litoe gesi ya kupikia.

Kwa mjadala wetu wa chama: mvuvi wa omena alipwe ile miezi minne anayokaa bure? Na mlipaji awe nani, mla omena wa Nairobi au serikali?