EKIPE YA MASOMO NI YA NANI?
Fundisho juu ya Saint-Georges ya Élisabethville, 1939



Kila mwaka, wakati mechi kati ya masomo zinakaribia, ulizo moja linarudi: tukikosa mushambuliaji mukali, tunaweza kumutafuta mutu wa inje, tumuvalishe jezi yetu na kusema ni mwanafunzi? Wengine wanajibu: «Si wote wanafanya vile?» Mbele ya kujibu, tujifunze habari ya ekipe moja ya masomo ya inchi yetu. Jina lake la leo kila mutoto wa Mavivi analijua. Mwanzo wake, wengi hawaujui.

1. Mahali na wakati

Muji wa Élisabethville, ule tunaouita Lubumbashi tangu 1966, ulianzishwa munamo mwaka 1910, wakati njia ya reli kutoka kusini ilifika kule juu ya shaba. Kazi ya migodi ikaita watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa luga yao ya kusikilizana. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mutakatifu Benedikto walikuwa na masomo mule. Mumoja wao, padri Grégoire Coussement, alijulikana sana kwa kupanga mupira wa miguu kati ya vijana. Sisi ni Waprotestanti, lakini jambo hilo halituzuizi kujifunza kwao.

Tusisahau kwamba ilikuwa wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Vijana weusi walicheza katika shirikisho lililowekwa kwa ajili yao peke yao. Kwa Kifaransa liliitwa Fédération Royale des Associations Sportives Indigènes, kwa kifupi FRASI. Lile neno la mwisho linaonyesha kwamba hata ku kiwanja watu walitengwa.

2. Mwaka wa kwanza

Munamo mwaka 1939, mapadri waliosimamia Institut Saint-Boniface waliona kwamba si wanafunzi wote watakuwa mapadri. Wale wengine nao walihitaji kazi ya kuwajenga inje ya darasa. Basi wakaunda ekipe ya mupira, wakaiita Saint-Georges. Georges ni mutakatifu musimamizi wa maskuti.

FRASI ikaiingiza moja kwa moja katika divizio ya kwanza. Wanafunzi hawakupewa nafasi ya kuanza chini na kupanda polepole. Shampiona ilipoisha, walikuwa wa tatu.

Ao mutu atasema: «Wa tatu tu?» Tukumbuke masharti ya wakati ule. Hakukuwa kubadilisha muchezaji. Mumoja akivunjika muguu, wanabaki kumi mpaka mwisho. Ruhusa ya kubadilisha wachezaji iliingia katika Kombe la Dunia munamo 1970 kule Meksiko, pamoja na kadi ya manjano na kadi nyekundu. Kwa hiyo, ekipe ya 1939 haikuweza kutegemea mutu mumoja tu mwenye miguu mizuri. Ilipaswa kuwa na pumzi, uvumilivu na kusikilizana. Vitu hivi havinunuliwi siku ya mechi. Vinapatikana kwa watu wanaokutana kila siku, kama vile wanafunzi.

3. Ekipe inabadilika

Munamo 1944 jina likageuzwa, ikaitwa Saint-Paul. Nyuma ya miaka fulani, wachezaji wasiokuwa wa masomo wakaingizwa. Hapo mapadri wakaacha kuiongoza. Kampuni Englebert ya Liège, kule Ubelgiji, iliyofanya mipira ya motokari, ikaanza kuisaidia, na klabu ikaitwa F.C. Englebert. Ndivyo mupira wa miguu ulivyolishwa na mipira ya motokari!

Munamo 1966 ilichukua shampiona ya inchi bila kushindwa hata mara moja, ikajiongezea jina la Tout Puissant. Munamo 1967 na 1968 ilichukua kombe la klabu bingwa za Afrika. Nyuma ikaitwa T.P. Mazembe. Ndiyo, ni ile ile Mazembe iliyochukua tena kombe la Afrika munamo 2009, 2010 na 2015. Na munamo 2010, kule Abu Dhabi, ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika ku fainali ya kombe la dunia la klabu. Inter ya Milano iliishinda 3-0.

4. Tunajifunza nini?

Mutu anaweza kusema: «Unaona! Kama wangebaki na wanafunzi tu, Mazembe haingekuwa.» Ni kweli, hatukatai. Lakini tuangalie pia upande mwingine: klabu ilipata Afrika, na masomo yakapoteza ekipe yake. Ni vitu viwili mbalimbali. Klabu inatafuta wachezaji po pote, na kila mutu anajua. Ekipe ya masomo inalea watoto wa masomo. Mutu anaweza kuchagua moja ao nyingine bila haya. Kosa ni kutaka zote mbili kwa siri: jezi ya masomo, miguu ya kuazima.

Tuhesabu bei yake. Yuko mwanafunzi aliyejizoeza mwaka muzima, akilipa minervali kama wengine. Siku ya mechi anakaa ku ukingo wa kiwanja, na mugeni anacheza kwa jina la darasa lake. Wale wadogo wanaona, wanajifunza kwamba liste inayopewa arbitre inaweza kusema uongo. Sasa tuulize: mwanafunzi akimutuma mutu mwingine amuandikie Examen d'État, tunasema ni mwizi. Kumutuma mutu acheze kwa jina la mwanafunzi kuna tofauti gani?

Mutume Paulo alimukumbusha Timoteo kwamba mushindani hapati taji kama hakufuata masharti (2 Timoteo 2:5). Hakusema kwamba mwenye kufuata masharti atashinda sikuzote. Saint-Georges haikuchukua kombe munamo 1939. Lakini nafasi ile ya tatu ilikuwa ya wanafunzi wenyewe, na hakuna aliyepaswa kuificha jina lake ili waipate.

MAULIZO
1. Kwa nini mapadri wa Saint-Boniface waliunda ekipe?
2. Taja majina yote ya ekipe hii kwa mufuatano.
3. Ekipe ya 1939 ilifanya nini muchezaji akiumia?
4. Kapiteni wako anakuletea mutu wa inje, siku mbili mbele ya mechi. Andika maneno utakayomuambia, mistari kumi, na uyasome mbele ya darasa.