Mji Unaoelea Angani: Somo la Sanaa na Hesabu

Mtoto wa darasa la sita akichora nyumba juu ya mawingu, wengi wetu huandika pembeni "Haiwezekani", kisha tukageukia daftari jingine. Twaona kuwa jibu hilo ni la haraka mno. Yafaa kwanza aulizwe: mji huu unashikiliwa na nini?

Msanifu majengo wa Marekani, Buckminster Fuller, alilishughulikia swali hilo. Mnamo mwaka 1960 hivi, yeye na mwenzake Shoji Sadao walibuni mji wa umbo la tufe, utakaoelea kwa joto la jua bila injini. Picha yao yaonyesha matufe makubwa juu ya milima.

Kabla ya kuyafikia hayo, hatuna budi kuwaondolea wanafunzi dhana kwamba hewa haina uzito. Na wapime darasa lao. Chumba chenye urefu wa mita 9, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 kina mjao wa mita za ujazo 162. Mita 1 ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi, basi hewa ya darasani yafikia kilo 194. Hapo hutokea kelele za ubishi, nasi tuziache kidogo.

Ndipo tuchore tufe ubaoni. Kipenyo kikiongezwa maradufu, eneo la ganda huwa mara 4, bali hewa ya ndani huwa mara 8. Kwa hiyo, unene wa ganda ukibaki ule ule, tufe kubwa hubeba mzigo mdogo kwa kadiri ya hewa yake. Tufe lenye kipenyo cha mita 800 lina hewa ya tani 320,000 hivi. Hewa hiyo ikizidi ya nje kwa joto la digrii 1 tu, hutanuka, na sehemu 1 hivi katika 300 hutoka. Yaani zaidi ya tani 1,000. Ganda, nyumba na watu wakiwa na uzito pungufu ya huo, mji wapaa.

Fuller hakuujenga. Lakini Januari 2020, huko Salinas Grandes nchini Argentina, puto la msanii Tomás Saraceno lilimpaisha rubani kwa jua na hewa pekee, bila kuchoma gesi.

Wanafunzi watauliza: usiku je, jua likitua? Maji yatatoka wapi? Wachore mji wao upya wakiyajibu hayo. Asiye na karatasi achore mchangani. Katika kusahihisha, jibu la swali la usiku lipate alama nyingi kuliko uzuri wa rangi.