Ruta ya Nyumba ni Amana: Namna ya Kuchagua Programu Dhibiti Nyingine



Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi ambazo wanafunzi wenzetu wamepanga pamoja hapa Kampala kuna kisanduku kidogo chenye antena, kimewekwa juu ya kabati au karibu na dirisha. Watu sita au wanane walichanga fedha wakakinunua. Humo hupita masomo ya mtandaoni, kazi zinazowasilishwa usiku wa manane, fedha za ada, na mazungumzo na wazazi walio mbali. Kikizimika, nyumba nzima hutoka vyumbani kuulizana.

Nilipokuwa mwaka wa pili nilisikia kwamba mtu anaweza kuiondoa programu aliyoiweka mtengenezaji wa ruta na kuweka nyingine iliyo bora zaidi. Nikapakua faili, nikabonyeza, na baada ya dakika tano ruta yetu ikabaki na taa moja inayopepesa. Ilikuwa imekufa, na wiki hiyo tulikuwa na mitihani. Mmoja wa wenzangu saba hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "Ulituuliza?" Sikuwa na jibu.

Somo hili nimeliandika ili asiulizwe mwingine swali hilo. Lina mambo matatu ya kupima kwa mpangilio: kifaa chenu ni kipi, mnataka nini, na nani atakitunza. Anayeanza kwa kuuliza "programu ipi ni bora kuliko zote" ameanzia mwisho.

Programu dhibiti ni nini

Ruta ni kompyuta ndogo. Ina chipu ya kufanya kazi, ina kumbukumbu ya kazi iitwayo RAM, na ina hifadhi ndogo ya kudumu. Programu dhibiti ndiyo inayokaa kwenye hifadhi hiyo na kukiongoza kifaa chote: kugawa anwani kwa simu na kompyuta, kulinda mlango wa mtandao, na kurusha waifai.

Historia ya kuibadilisha inaanzia kwenye ruta moja mashuhuri, Linksys WRT54G, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2002. Wataalamu waligundua kwamba ndani yake mna Linux. Leseni ya Linux, iitwayo GPL, inamtaka anayeisambaza awape watumiaji msimbo wake. Kampuni ikautoa msimbo huo mwaka 2003, na mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt. Miradi mingine ikafuata, na leo kuna programu huria za bure kwa mamia ya aina za ruta.

Faida kubwa ya programu hizi ni masasisho. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alitangaza udhaifu uitwao KRACK katika ulinzi wa WPA2 ambao karibu kila waifai iliutumia. Mwaka 2018 programu hasidi iitwayo VPNFilter ilikutwa imeingia katika ruta na vifaa visivyopungua 500,000 duniani. Ruta ambayo mtengenezaji wake ameacha kuitolea masasisho hubaki na matundu kama hayo wazi, hata kama bado inarusha waifai vizuri. Kwa nyumba ya watu wanane, huo ni mlango mmoja usio na komeo.

Je, mnaihitaji kweli?

Kabla ya kubadili chochote, angalieni kama haja yenu haiwezi kutimizwa na programu iliyopo. Mambo manne hufanyika kwenye ruta nyingi bila kuondoa kitu:

1. Kuweka sasisho la mwisho la mtengenezaji.
2. Kubadili nenosiri la ukurasa wa mipangilio, ambalo wengi hulisahau. Hilo ni tofauti na nenosiri la waifai.
3. Kuzima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au namba fupi, kwa sababu namba hiyo inaweza kubahatishwa.
4. Kuzuia tovuti chafu nyumba nzima kwa kubadili anwani ya DNS. Cloudflare, kwa mfano, hutoa anwani ya bure 1.1.1.3 inayozuia programu hasidi na picha za uchafu.

Kama hayo yanawatosha, na mtengenezaji bado anatoa masasisho, bakini mlipo. Hakuna aibu.

Kuna sababu tatu nzuri za kubadili. Ya kwanza ni kwamba mtengenezaji ameiacha ruta yenu. Ya pili ni kwamba mnataka kugawana bando kwa haki, kila mmoja na mgao wake. Ya tatu ni kwamba mtu mmoja akipakia faili kubwa, simu za wengine zote hukatika-katika. Tatizo hili la tatu mara nyingi halitokani na kasi ndogo. Data hupanga foleni ndefu ndani ya vifaa, na sauti ya simu hukwama nyuma ya faili. Programu iitwayo SQM, inayopatikana ndani ya OpenWrt, huipanga foleni hiyo upya. Huwekwa kwenye takriban asilimia 85 hadi 90 ya kasi mliyoipima. Fahamuni tu kwamba mtandao wa laini ya simu hupanda na kushuka kila saa, hivyo kipimo chake ni kigumu kuliko cha mtandao wa waya.

Kuna sababu moja mbaya ambayo nimeisikia mara nyingi: kuongeza nguvu za mawimbi kupita kiwango. Masafa yana sheria, na hapa Uganda yanasimamiwa na Tume ya Mawasiliano. Tena ruta ikipiga kelele kubwa haisaidii, kwa sababu simu yako haiwezi kuijibu kwa sauti hiyo hiyo, na jirani unamharibia waifai yake. Fiqhi imetufundisha kutodhuru wala kulipiza madhara. Katika mipangilio chagua nchi ya Uganda, kisha isogeze ruta mahali pa wazi katikati ya nyumba.

Someni kibandiko

Geuzeni ruta chini. Pale pana jina la mfano, na pembeni yake herufi ndogo kama "V9" au "Ver: 13.0". Herufi hizo ndizo nilizozipuuza.

Chukueni mfano wa TP-Link TL-WR841N, ruta iliyoenea sana. Toleo lake la 9 lina hifadhi ya megabaiti 4 na RAM ya megabaiti 32. Toleo la 13 lina hifadhi ya megabaiti 8 na RAM ya megabaiti 64, na chipu yake ni ya kampuni nyingine kabisa. Toleo la 14 likarudi kwenye 4 na 32. Jina ni moja, sanduku linafanana, lakini faili ya toleo moja inaweza kuliua toleo jingine.

Kwa OpenWrt kumbukeni ngazi hizi. Ruta yenye megabaiti 4 za hifadhi na 32 za RAM imekwisha safari yake, kwani mfululizo wa 19.07 ndio uliokuwa wa mwisho kuitengenezea faili rasmi. Yenye 8 na 64 inaingia kwa kubanwa, bila nafasi ya nyongeza. Mkinunua ruta leo kwa nia ya kuibadilisha, tafuteni angalau hifadhi ya megabaiti 16 na RAM ya megabaiti 128. Mkinunua iliyotumika, mwombeni muuzaji awaonyeshe kibandiko kabla ya kutoa fedha, kisha mlitafute toleo hilo hilo katika orodha ya vifaa ya OpenWrt.

Angalieni pia chipu. Ruta nyingi zenye chipu za Broadcom hazifai kwa OpenWrt, kwa kuwa kampuni hiyo haikutoa wazi programu zote za kuendesha waifai yake.

Jambo jingine: kifaa cha laini ya simu mlichopewa na kampuni ya mtandao huenda si mali yenu. Someni mkataba. Kama ni chao, msikiguse. Nunueni ruta yenu, iungeni nyuma ya kifaa hicho kwa waya, na mabadiliko yote yafanyieni kwenye ruta yenu.

Programu nne na wenyewe

OpenWrt ndiyo yenye masasisho ya uhakika na maelezo mengi. Inafanana na nyumba tupu iliyojengwa vizuri: unaongeza unachotaka. Inafaa mahali palipo na mtu aliye tayari kusoma.

DD-WRT ilianza 2005 na inaunga mkono baadhi ya ruta za Broadcom ambazo OpenWrt haiziwezi. Vitu vingi vimo ndani tangu mwanzo. Tahadhari yake ni kwamba orodha ya vifaa kwenye tovuti yao inaweza kukupeleka kwenye faili ya miaka mingi iliyopita. Angalia tarehe daima.

FreshTomato ni mrithi wa Tomato, programu iliyotoka 2006. Ni ya ruta za Broadcom peke yake. Kurasa zake ni nyepesi kueleweka, na grafu zake za matumizi ni nzuri.

Gargoyle imejengwa juu ya OpenWrt, na sifa yake kubwa ni mgao: unaweza kumwekea kila mtu kiasi chake cha data kwa siku, wiki au mwezi. Kwa nyumba inayogombana juu ya bando, anzeni kuitazama hii. Vifaa inavyovikubali ni vichache, na kabla ya kuiweka angalieni toleo lake la karibuni lilitoka lini.

Kama programu mbili zote zinakubali ruta yenu, chagueni ile iliyosasishwa karibuni na ambayo mtunzaji wenu anaielewa. Programu yenye vitu mia isiyoguswa kwa miaka mitatu ni dhaifu kuliko yenye vitu kumi inayosasishwa.

Siku ya kuiweka

1. Pateni ridhaa ya wote waliochangia, na chagueni siku isiyo na mitihani wala kazi ya kuwasilisha.
2. Kabla mtandao haujazimwa, pakueni kila kitu: faili mpya, faili ya asili ya mtengenezaji, na maelezo ya kuifufua ruta yenu ikifa.
3. OpenWrt huwa na faili za aina mbili. Ile yenye neno "factory" ni ya kutoka kwenye programu ya mtengenezaji, na yenye neno "sysupgrade" ni ya ruta ambayo tayari ina OpenWrt. Msizichanganye.
4. Linganisheni namba ya SHA256 ya faili mliyoipakua na iliyoandikwa kwenye tovuti. Herufi moja ikitofautiana, pakueni upya.
5. Andikeni au pigeni picha mipangilio ya sasa, hasa jina la mtumiaji na nenosiri mlilopewa na kampuni ya mtandao.
6. Tumieni waya, msitumie waifai. Ruta iwe kwenye umeme usiokatika. Kama mawingu yamejikusanya na radi inasikika, ahirisheni.
7. Mkishabonyeza, msiguse kitu mpaka iwake yenyewe. Wengi huua ruta kwa kuichomoa dakika ya tatu kwa kukosa subira.

Kwa kawaida OpenWrt ikiwaka mara ya kwanza haina nenosiri la mtumiaji mkuu, na katika ruta nyingi waifai imezimwa. Hiyo si dalili ya kufa. Fungueni 192.168.1.1 kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya, wekeni nenosiri kwanza, kisha washeni waifai yenye ulinzi wa WPA2 au WPA3. Kama kifaa cha kampuni ya mtandao nacho kinatumia 192.168.1.1, badilini anwani ya ruta yenu, kwa mfano 192.168.5.1. Msipofanya hivyo vitagongana na mtadhani intaneti imekataa.

Amana ya mtunzaji

Anayeshika nenosiri la ruta ameshika jambo zito. Programu hizi zinaweza kumwonyesha majina ya tovuti ambazo simu za wenzake zinazitembelea. Surat al-Hujurat, aya ya 12, imetukataza kupelelezana, na katazo hilo haliondoki kwa sababu chombo ni cha kisasa. Kama nyumba imekubaliana kuzuia uchafu, zuio na liwe wazi na liwahusu wote, mtunzaji akiwemo. Kufungua kumbukumbu usiku ili kujua fulani alitazama nini si ulinzi wa mtandao.

Basi kubalianeni mambo matatu kwa maandishi na kuyabandika ukutani: nani mtunzaji, atakagua masasisho siku gani ya mwezi, na nenosiri limehifadhiwa wapi siku akisafiri au akihitimu. Nyumba nyingi hupata mtaalamu, akahitimu, akaondoka na nenosiri kichwani.

Ruta ile niliyoiua niliilipa kwa posho ya miezi miwili. Tuliyoinunua baadaye ina OpenWrt hadi leo, lakini safari hii tulikaa sebuleni baada ya Isha, watu wanane, tukasoma kibandiko pamoja.

Maswali ya kujipima

1. Ruta ya nyumbani kwenu ni mfano gani, na toleo gani?
2. Mtengenezaji wake alitoa sasisho la mwisho lini?
3. Taja haja moja ya nyumba yenu ambayo haiwezi kutimizwa bila kubadili programu dhibiti.
4. Mtunzaji wenu akiondoka kesho, nani mwingine anaweza kuingia kwenye mipangilio?

Ukishindwa kujibu la kwanza, usipakue kitu leo. Nenda kaigeuze ruta chini usome.

Wabillahi tawfiq.