Simu au Kadi ya Kugusisha? Somo la Kuchagua Njia ya Malipo

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji atakuwa na uwezo wa kueleza jinsi malipo kwa simu na malipo kwa kadi ya benki ya kugusisha yanavyofanya kazi, kulinganisha gharama na hatari za kila njia, kuchagua njia inayofaa mahali alipo, na kuchukua hatua sahihi pindi fedha zinapopotea au kutumwa kimakosa.

Utangulizi

Kwa kaya nyingi za Mvumi, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, fedha nyingi huingia mara moja kwa msimu, mpunga, mahindi au ufuta unapouzwa. Fedha hizo ndizo ada ya shule, mbolea ya msimu ujao, nauli ya kwenda hospitali na akiba ya miezi ya kiangazi. Anayepoteza fedha hizo kwa siku moja amepoteza mwaka mzima. Kwa sababu hiyo, swali la kuzihifadhi wapi na kulipa kwa njia gani linamhusu mkulima na mchuuzi wa kijijini kama linavyomhusu mfanyakazi wa mjini.

Siku hizi benki nyingi hutoa kadi yenye alama ya mawimbi manne madogo. Mwenye kadi huisogeza karibu na mashine ya malipo, na malipo hukamilika bila kuichanja wala kuichomeka. Watumiaji wengi wanatuuliza: je, kadi hii ni bora kuliko simu? Tunajibu kwamba hakuna njia iliyo bora kila mahali. Iliyopo ni njia inayofaa mahali fulani, kwa kiasi fulani cha fedha, kwa mtu anayejua kanuni zake.

Kwa nini simu ilitangulia kwetu

Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008. Kampuni nyingine za simu zilifuata. Wakati huo wananchi wengi wa vijijini hawakuwa na akaunti ya benki, lakini walikuwa na simu, au jirani yao alikuwa nayo. Wakala wa dukani akawa ndiye dirisha la kuweka na kutoa fedha. Mwaka 2015 ikatungwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, inayoipa Benki Kuu ya Tanzania mamlaka ya kusimamia huduma hizi.

Uingereza mambo yalikwenda kinyume. Kule wananchi wengi walikuwa tayari na kadi za benki mifukoni, hivyo kadi za kugusisha zilipoanza mwaka 2007 zilikuta maduka yenye mashine na wateja wenye akaunti. Kiwango cha juu cha malipo bila namba ya siri kilikuwa pauni 10. Kikapandishwa hatua kwa hatua hadi pauni 100 mwezi Oktoba 2021. Funzo ni kwamba njia ya malipo hustawi pale ambapo muuzaji na mnunuzi wote wawili wana vifaa vyake. Kadi nzuri mbele ya muuzaji asiye na mashine ni kipande cha plastiki tu.

Kadi ya kugusisha inavyofanya kazi

Ndani ya kadi mna kijidude cha kielektroniki na waya mwembamba uliozungushwa pembeni. Kadi haina betri. Inapofikishwa umbali wa sentimita chache kutoka kwenye mashine, mawimbi ya redio ya mashine huipa nguvu ya kutosha kufanya kazi. Kadi hutoa utambulisho wa siri unaotumika kwa muamala huo mmoja tu, kisha mashine huomba idhini ya benki.

Mambo mawili yanafuata hapo. Kwanza, malipo madogo yanaweza kupita bila namba ya siri, hadi kikomo kilichowekwa na benki yako. Anayeiokota kadi yako anaweza kujaribu malipo hayo madogo kabla hujaifunga. Pili, kwa kuwa utambulisho hubadilika kila muamala, aliyeunasa hewani hawezi kuurudia kulipia kitu kingine. Hofu kwamba mtu akipita karibu nawe sokoni atakomba akaunti yako yote haina msingi. Hofu ya kupoteza kadi na kuchelewa kuitolea taarifa ina msingi.

Malipo kwa simu yanavyofanya kazi

Watu wengi hudhani fedha zimo ndani ya laini ya simu. Sivyo. Salio lako ni kumbukumbu katika mfumo wa mtoa huduma, na sheria inamtaka mtoa huduma aweke benki, katika akaunti ya dhamana, fedha zinazolingana na salio za wateja wake. Ndiyo maana simu ikitumbukia mtoni, fedha hazizami nayo. Unaporejeshewa laini yako, unalikuta salio lako.

Menyu ya nyota na reli haihitaji intaneti wala simu ya gharama kubwa. Simu ya kitochi inatosha, mradi ina chaji na mtandao upo. Unaweza kumtumia mtu fedha, au kumlipa mfanyabiashara kwa Lipa Namba yake. Zamani kila mtandao ulikuwa kisiwa. Leo fedha huvuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na kati ya simu na benki. Benki Kuu imejenga mfumo wa malipo ya papo kwa papo uitwao TIPS unaowaunganisha watoa huduma hao.

Gharama: angalia safari nzima ya fedha

Kosa la kawaida ni kuangalia kato la hatua moja. Tunawashauri watumiaji wahesabu safari nzima. Chukulia mkulima aliyelipwa kwa simu na mnunuzi wa mpunga. Akizitoa fedha zote kwa wakala, analipa kato la kutoa. Akitaka kumtumia mtoto aliyeko shuleni, anaziweka tena, analipa kato la kutuma, na mtoto naye analipa kato la kutoa. Fedha zilezile zimekatwa mara tatu. Lau angeacha sehemu ya ada kwenye simu na kuilipa moja kwa moja, angeokoa makato mawili.

Kadi ina hesabu nyingine. Kwa kawaida mnunuzi anayelipa dukani kwa kadi hakatwi kwa muamala huo. Muuzaji ndiye anayeilipa benki yake. Hata hivyo, kadi inaweza kuwa na ada ya kuitoa, ada ya uendeshaji wa akaunti na makato ya kutoa fedha kwenye mashine ya ATM. Tena, ikiwa tawi la benki au mashine iko mbali, nauli ya kwenda na kurudi ni gharama ya kadi hata kama haiandikwi kwenye taarifa ya akaunti.

Wengi wanakumbuka tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, ambayo baadaye ilipunguzwa na kurekebishwa. Tukio hilo linatufundisha kwamba viwango hubadilika. Omba jedwali la makato la sasa kwa wakala au benki kabla ya kufanya muamala mkubwa. Ni haki yako kulijua kato kabla ya kukatwa. Muuzaji akitaka kuongeza bei kwa sababu unalipa kwa simu au kwa kadi, aseme mapema ili uamue.

Hatari: mlango upi huachwa wazi

Hatari kuu ya kadi ni kupotea au kuibiwa, na namba zake kunakiliwa. Usimpe muuzaji aondoke na kadi yako. Mashine ije ulipo wewe. Soma kiasi kilichoandikwa kwenye mashine kabla ya kugusisha, kwa kuwa kugusisha ni kukubali. Usipige picha ya kadi wala kumtajia mtu tarakimu tatu za nyuma.

Hatari kuu ya simu ni maneno. Tapeli havunji mfumo, humshawishi mwenye fedha azitume mwenyewe. Kila Mtanzania mwenye simu anaujua ujumbe usemao, “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Unawanasa wale ambao kweli walikuwa wanadaiwa siku ile. Upo pia wa anayedai amekosea kutuma na kuomba arudishiwe, pamoja na ujumbe bandia wa kuthibitisha malipo ambao hutumiwa wauza maduka. Dawa yake ni moja: angalia salio lako kwenye menyu, usiutegemee ujumbe. Anayedai umrudishie fedha, mwelekeze kwa mtoa huduma wake.

Namba ya siri usimpe wakala, hata akiwa ndugu au jirani mwema. Mzee asiyeona vizuri asaidiwe na mtu wa nyumbani anayemwamini, si na yeyote aliyesimama kwenye foleni. Vilevile, angalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwa kupiga *106#. Ukiona namba usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma husika uikane, kwa maana laini hiyo inaweza kutumika kufanya uhalifu kwa jina lako.

Kuchagua: kutoka Mvumi hadi Mikumi

Tuyaweke haya katika mazingira halisi. Kwa manunuzi ya kila siku Mvumi, dukani, gengeni na kwa bodaboda, simu ndiyo inayofaa zaidi, kwani muuzaji naye ana simu. Mashine ya kadi huonekana zaidi mahali penye wageni na biashara kubwa, kama vile hoteli za Mikumi kando ya barabara kuu iendayo Iringa, vituo vikubwa vya mafuta na maduka makubwa ya Morogoro na Dar es Salaam. Huko kadi ya kugusisha ni ya haraka, na haihitaji simu yenye chaji.

Kwa fedha za msimu, ushauri wetu ni kuzigawa. Weka kwenye simu kiasi cha matumizi ya wiki moja au mbili. Kinachobaki kiweke kwenye akaunti ya benki, ambako amana zinalindwa na Bodi ya Bima ya Amana. Kiwango cha juu cha fidia kilipandishwa kutoka shilingi 1,500,000 hadi shilingi 7,500,000 kwa kila mweka amana. Unganisha akaunti na simu ili uhamishe kidogo kidogo unapohitaji. Kwa mpango huu, ukidanganywa kwa simu au ukipoteza kadi, hasara ina mpaka. Mayai yote hayakuwa katika kapu moja.

Ukipata tatizo

1. Kadi ikipotea, piga simu benki papo hapo uifunge. Namba ya benki iandike mahali pengine, kwa kuwa ile ya nyuma ya kadi imepotea nayo.

2. Simu au laini ikipotea, azima simu ya mtandao uleule, piga namba 100 ya huduma kwa wateja, uombe laini ifungwe.

3. Ukituma fedha kimakosa, wasiliana na mtoa huduma mara moja na utaje namba ya muamala. Mpokeaji akishazitoa, kuzirejesha huwa vigumu sana. Ndiyo sababu jina linaloonekana kabla ya kuweka namba ya siri lisomwe, lisirukwe.

4. Ukipokea ujumbe wa kitapeli, usiujibu. Utume pamoja na namba ya aliyeutuma kwenda 15040. Ukiwa umeshaibiwa, toa taarifa pia kituo cha polisi.

5. Ukilalamika kwa mtoa huduma, dai namba ya lalamiko na uandike tarehe. Usiporidhika na majibu, peleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania kwa masuala ya fedha, au Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa masuala ya laini na mtandao. Ambatisha ujumbe wa muamala au risiti. Asiye na ushahidi hupata shida kusikilizwa, hata kama anasema kweli.

Maswali ya kujipima na kujadili katika kikundi

1. Kwa nini fedha hazipotei simu inapopotea?

2. Mwanakikundi amepokea ujumbe kwamba ametumiwa shilingi 80,000, kisha akapigiwa simu azirudishe haraka. Afanye nini kwanza?

3. Fuatilia safari ya fedha za mauzo yako ya mwisho. Zilikatwa mara ngapi? Ni kato lipi lingeweza kuepukwa?

4. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa kinatunza fedha kwa njia ipi? Nani anajua namba ya siri, na atakapougua itakuwaje?

Swali la nne tunaomba lijadiliwe kabla ya mavuno, fedha zikiwa bado shambani.