Mikwaju Ndani ya Nguzo: Niliyojifunza kwa Kuchora Grafu

Ripoti ninazochorea grafu huishia kwenye mashine ya fotokopi, na fotokopi huzifanya nyekundu na kijani kuwa kijivu kilekile. Ndiyo maana nguzo zangu nazijaza mistari. Natumia Matplotlib, maktaba ya Python.

1. Mistari hufuata rangi ya ukingo, si ya ujazo. Ukiandika hatch="/" pamoja na edgecolor="white", mistari huwa myeupe, na ukingo nao vilevile. Unataka mistari myeupe na ukingo mweusi? Chora nguzo mara mbili: ya kwanza na mistari yake, ya pili juu yake ikiwa na color="none" na edgecolor="black". Ni ujanja wa fundi wa mtaani, lakini haujawahi kuniangusha.

2. Amua ukubwa wa karatasi kwanza. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kurudia alama huongeza msongamano, hivyo "///" ni mzito kuliko "/". Lakini kipimo ni inchi, wala si upana wa nguzo: programu hutandaza vigae vya inchi 1 kwa 1, na kila alama ya mstari huleta mistari 6 ndani ya kigae. Nguzo ya robo inchi ukiipa "|" huambulia mstari mmoja au miwili, ukadhani imepasuka. Na grafu ya inchi 12 ukiibana iwe 6 ndani ya ripoti, mistari husongamana maradufu. Weka figsize ileile itakayochapwa.

3. Unene wa mistari hupangwa kwa hatch.linewidth katika rcParams, tangu toleo la 2.0 la mwaka 2017. Kawaida ni 1.0, mimi hupunguza hadi 0.5.

4. Alama zipo 10, nazo si za kumalizwa. Edward Tufte, mtaalamu wa grafu za takwimu, alilalamikia mistari inayochezacheza machoni katika kitabu chake cha 1983, na nakubaliana naye. Mkwaju, nukta na nguzo tupu hunitosha. Mkwaju wa kinyume uandike "\\", maana Python huupa mmoja kazi nyingine.

5. Katika Plotly, maktaba nyingine ya grafu, mambo hugeuka: usipoagiza, marker.color huwa rangi ya mistari, na usuli hubaki wazi. Ukitaka rangi hiyo iwe ya usuli, andika fillmode="overlay".