Dondoo Muhimu: Kijana wa Ifakara Aendaye Kujitolea Ng'ambo

Kabla hujatia saini waraka wowote, watafute waliokwisha kupelekwa na asasi inayotaka kukupeleka wakarejea, uwaulize faraghani walifanya kazi gani, walilala wapi, na walipougua ni nani aliyemlipa tabibu. Nao mkataba usiotaja bima ya afya, saa za kazi, posho na nauli ya kurudi, hata ukipigwa mihuri mitatu, ni karatasi tupu.

Mpango wa kujitolea wa weltwärts wa serikali ya Ujerumani, ambao tangu 2013 huwapokea pia vijana wa kutoka kwetu, hugharimiwa kwa sehemu kubwa na fedha za umma; basi wakala akudaiye “ada ya fomu” kwa namba ya simu ya mtu binafsi, achana naye.

Tazama pia kama asasi ina ushirika wa kudumu na wenyeji, mithili ya ule wa maabara aliyoiasisi Rudolf Geigy wa Basel hapo Ifakara mwaka 1957, ambayo leo ni taasisi ya Kitanzania ya utafiti wa afya.

Usajili wa asasi hiyo uhakikishe serikalini. Pasipoti ishike mwenyewe.